Mchicha Mwekundu na Mwalimu wa Barazani

Tukikutana wapangaji wa zamani, msibani au harusini, lazima mmoja amtaje Mwalimu, na akishatajwa kila mtu anakuja na sifa yake. Alikuwa msafi. Alikuwa na subira. Watoto wetu walifaulu kwa sababu yake. Mimi huwa nakaa kimya nakula pilau yangu. Sifa zote hizo ni za kweli na nitaziandika humu, maana sipendi kumsema mtu nusu. Lakini kuna kitu kimoja alimnyang'anya mjukuu wangu Zuhura, na mimi bibi yake ndiye niliyemshika mtoto mkono nikampeleka akanyang'anywe. Hicho nacho nitakiandika.

Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani, mitaa miwili kutoka sokoni Kariakoo. Ilishavunjwa. Sasa pale pana ghorofa la maduka, na ukiniuliza chumba changu kilikuwa wapi nitakuonyesha mahali wanapouza mapazia. Mwalimu alipanga chumba cha mbele, upande wa barabarani. Alikuwa amestaafu kufundisha biolojia sekondari, na kila alasiri alifundisha tuisheni barazani. Ubao wake ulikuwa kipande cha plaiwudi alichokipaka mwenyewe unga wa betri kuukuu, akakiegemeza ukutani. Wanafunzi walikaa mkekani, waliochelewa wakakalia matofali. Mimi asubuhi nilikuwa sokoni nauza mchicha; adhuhuri narudi na uliobaki, nakaa ukumbini karibu na mlango nachambua, mgongo nimewapa wao na masikio nimewapa wao. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki niliyasikilizia pale, ungo ukiwa miguuni.

Alikuwa mrefu, shingo ndefu, na koromeo lake lilikuwa linasema kabla ya mdomo. Likipanda na kushuka, ujue kuna neno limekwama. Alikuwa na mashati mawili meupe, moja mwilini, moja kambani, na hakuwahi kuvaa lisilopigwa pasi. Pasi yenyewe ya mkaa, na mkaa aliuomba kwangu. Chaki aliichomeka nyuma ya sikio kama seremala anavyochomeka penseli, na mara nyingine alitoka nayo hivyo hivyo mpaka msikitini, watu wakacheka.

Shikamoo aliipenda kuliko chai. Mwanafunzi akimjia na "mambo, ticha," alimrudisha mpaka kona ya mtaa aje upya.

"Mambo yako mimi siyajui," alimwambia. "Nijie na adabu, hayo mambo yatafuata."

Mimi aliniita Bi Mkubwa siku akiwa na furaha, na Mama Mboga siku akiwa hana. Mimi nilimwita Mwalimu siku zote. Sikuwa na jina la pili la kumpa.

Somo lake alilolipenda ni jani. Alikuwa anatoka barazani bila kuomba, anainama, anachukua jani la mchicha kwenye ungo wangu, anarudi nalo na kulishika juu liangaliane na jua.

"Mnaona nini?"

"Jani!"

"Mnaona jiko. Semeni jiko."

"Jiko!"

Akaanza. Jani limejengwa kwa seli, vyumba vidogo ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Ndani ya kila chumba mna vidonge vya kijani, vidogo zaidi, vinaitwa kloroplasti. Humo ndimo chakula cha mmea kinapikwa. Moto wake ni jua. Maji yanaletwa na mizizi. Hewa ile nzito tunayoitoa puani inaingilia kwenye vitundu vya jani. Vikikutana vitatu hivyo, inapikwa sukari, na hewa safi tunayoivuta inatoka kama mvuke unavyotoka sufuriani. Rangi ya kijani iliyomo kwenye vidonge, alisema, inaitwa umbijani, na kazi yake ni kuukamata mwanga. Bila umbijani jua linapita tu kama mgeni asiyekaribishwa.

"Seli ni nyumba kama hii yetu," alisema. "Ina ukuta, ina vyumba, ina watu. Ila sisi tuna jiko moja uani na kila siku ugomvi. Seli moja ya jani ina majiko mengi, na sijasikia yanagombania mwiko."

Watoto walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimegombania mwiko.

"Kila ulichokula leo kimepitia humu," aliendelea. "Nyama je? Ng'ombe kala nini?"

"Majani!"

"Samaki wa sokoni Feri je?"

Akajijibu mwenyewe.

"Samaki mdogo kala mwani wa kijani, mkubwa kala mdogo, wewe umekula mkubwa ukatupa miiba. Wote tunamlamba jani mkono."

Nilikuwa nimeuza mchicha miaka mingi nikidhani kijani ni kijani tu, kama rangi ya ukuta. Tangu siku ile nikawa nikifunika mafungu yangu kwa gunia bichi najua ninachokifunika. Sikatai. Mtu akikupa kitu, useme amekupa.

Alitupigia kelele sana kuhusu magadi. Sisi wauza mboga na wapika mboga tuna tabia ya kutia magadi sufuriani ili mchicha ubaki na rangi nzuri. Mwalimu alisema magadi yanailinda rangi na kuua faida, na kwamba mboga iliyopauka kidogo ina ukweli kuliko mboga inayong'aa. Alisema hivyo uani mbele ya wanawake wote, amesimama katikati ya majiko yetu na shati lake jeupe. Jioni ile ile nikamkuta anarudi na chipsi mayai kwenye gazeti, amezificha ubavuni.

"Mwalimu, leo mboga gani?"

"Kiazi nacho ni mmea, Bi Mkubwa."

"Na mayai?"

"Kuku kala nini?" Akaingia chumbani akafunga mlango.

Ndivyo alivyokuwa. Mboga alizijua zote na hakuzila. Alitukuza jua, na dirisha la chumba chake alilifunika kwa mapazia mawili kwa sababu mwanga ulimuumiza kichwa.

Wema wake niuseme sasa, kabla sijafika mbali. Mwaka mmoja mvua ilinyesha, bonde la Jangwani likajaa maji kama kawaida yake, na mwanafunzi wake mmoja aliyekaa kule akakosa kuja siku tatu. Mwalimu alikunja suruali akaenda mwenyewe. Alirudi jioni na tope mpaka mapajani, mkononi ana mfuko wa madaftari yaliyolowa ya yule binti. Aliyaanika kwenye kamba ya nguo uani, ukurasa kwa ukurasa, akaazima kwetu vibanio vyote vya nyumba. Yalipokauka yakawa yamekunjamana, akayapiga pasi. Niliona kwa macho yangu mtu mzima anapiga pasi daftari la mtoto wa watu, polepole, asiunguze. Mahali wino ulipofutika aliandika upya kwa mkono wake. Mtu wa namna hiyo utamchukiaje? Ndiyo shida yangu.

Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa na ulimi, na alikuwa na chaki. Ulimi ulikuwa adhabu ya wajinga. Chaki ilikuwa zawadi: mwanafunzi akiuliza swali zuri, Mwalimu anatoa chaki sikioni, anaivunja, anampa kipande. Hakumpa mtu chaki kwa jibu, hata liwe sahihi vipi. "Jibu ni langu," alisema. "Swali ndilo lako." Wengine walikaa mwaka mzima bila kipande.

Zuhura alikuwa na vipande kumi na kimoja. Alivihifadhi kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda chetu, na alikuwa akivihesabu kama bibi harusi anavyohesabu khanga. Alitaka kusomea kilimo. Nilimwuliza, mtoto wa Kariakoo utalima wapi, kwenye lami? Akaniambia, "Bibi, mimi sitaki kulima. Nataka kujua." Mwalimu alimsikia akasema, "Mwache." Hilo nalo ni lake, nalirudisha kwake.

Sasa sufuria. Mwalimu alikuwa na majaribio yake ya kuonyesha kwamba jani limepika chakula. Analifunika nusu ya jani kwa karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara, analiacha juani, kesho yake analichuma na kulichemsha kwenye spiriti mpaka kijani chote kinatoka, jani linabaki jeupe kama karatasi. Halafu anadondoshea dawa ya aidini. Upande uliopata jua unakuwa mweusi, ishara kuna wanga; upande uliofunikwa haubadiliki. Mara ya kwanza kuona nilisema Allahu Akbar. Spiriti yenyewe ilikuwa imekuwa kijani kibichi, umbijani wote umehamia kwenye kikombe.

Hayo yote aliyafanyia kwenye sufuria yangu. Yake hakuwa nayo, si alikuwa mtu wa chipsi. Spiriti inatakiwa ikae kwenye kikombe, kikombe kikae kwenye maji ya moto, moto uwe mbali. Siku moja alikuwa na haraka, akaimimina sufuriani moja kwa moja juu ya jiko la mkaa. Moto wa buluu ukapanda mpaka kwenye bati. Watoto wakakimbia, Mwalimu akabaki ameshika jani lake kwa koleo hajui alitupe au alishike. Mimi ndiye niliyelivua gunia bichi kwenye mchicha wangu nikalitupa juu ya sufuria. Moto ukafa.

"Ahsante, Bi Mkubwa," alisema.

"Sufuria yangu," nilimwambia.

Ilibaki na baka la kahawia la aidini kitako chote. Naipikia mpaka leo.

Nimeisema sufuria kwa sababu yaliyofuata yalianzia humo.

Kuna mchicha wa kawaida na kuna mchicha mwekundu, ule ambao jani na shina lake vina rangi ya damu. Hauuzwi kila siku. Wanaoununua ni wenye upungufu wa damu na wenye mimba: wanauchemsha, wanakunywa yale maji mekundu. Mimi nimeuchemsha kuliko watu wengi. Binti yangu alipokuwa na mimba ya Zuhura damu yake ilikuwa ndogo, na kila siku ya Mungu nilimchemshia, akanywa kikombe asubuhi kikombe jioni. Haikutosha. Alimzaa Zuhura akaniachia. Kwa hiyo mimi najua mchicha mwekundu unakuwaje ukichemka. Wekundu wote unahamia kwenye maji, na jani linalobaki chini, ukiliinua na mwiko, ni la kijani. Kijani kama mchicha mwingine wowote. Zuhura naye alijua, kwa kuwa nilikuwa nikimpikia tangu hajaota meno.

Alasiri moja Mwalimu alikuwa kwenye jani lake, na mtoto mmoja akauliza: jani lisilo la kijani nalo linajipikia?

"Halijipikii," alisema Mwalimu. "Hakuna kijani, hakuna kloroplasti. Tazameni ule mchicha mwekundu wa Bi Mkubwa. Jani lile ni pambo tu, halina jiko."

Nilisimamisha mkono juu ya ungo. Nikasikia sauti ya Zuhura.

"Samahani Mwalimu, kijani kimo."

"Umekiona wapi?"

"Kwenye sufuria ya bibi. Ukiuchemsha, wekundu unatoka na maji, kijani kinabaki. Sasa si kama vile spiriti inavyotoa kijani? Labda wekundu umekifunika tu, Mwalimu. Labda majiko yamo, yamefungiwa pazia."

Wallahi nilidhani atatoa chaki. Nilisubiri niisikie ikivunjika.

"Biolojia haisomwi kwenye sufuria," alisema Mwalimu.

Watoto wakacheka. Zuhura hakucheka. Akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichokisahau, "Lakini Mwalimu, wewe si ndiyo unafundishia kwenye sufuria ya bibi?"

Watoto wakacheka tena, lakini safari hii hawakumcheka Zuhura. Walimcheka Mwalimu, na alijua. Koromeo lilipanda likashuka.

"Toka," alisema. "Kafundishwe na bibi yako. Na usirudi hapa bila mkubwa wako na bila radhi."

Kesho yake mtaani walishampa jina. "Mambo vipi, Profesa Mchicha!" wakimpigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara. "Profesa, leo umechemsha nini?"

Mimi ningefanya nini? Nimejiuliza sana, na sijisamehe kwa haraka. Mwalimu alikuwa mwalimu. Mimi nilikuwa mwanamke wa darasa la nne mwenye harufu ya mboga. Kwetu sisi mtoto akikorofishana na mwalimu, mwenye kosa anajulikana kabla ya kesi. Unamchukua mtoto, unachukua kitu kidogo cha kushika mkononi, unakwenda kuomba radhi, maisha yanaendelea. Nilifunga pakiti ya majani ya chai kwenye ncha ya khanga, siku ya tatu baada ya lile tukio, nikamwambia Zuhura avae viatu.

"Bibi, si wewe mwenyewe umeuona ule mchicha?"

"Nimeuona."

"Sasa naomba radhi ya nini?"

"Ya kumjibu Mwalimu."

"Sikumjibu. Nilimwambia."

"Ni hiyo hiyo. Vaa viatu."

Akavaa. Ilikuwa hatua kumi na tano kutoka mlango wetu mpaka baraza, lakini nilitaka avae viatu, ionekane ni jambo.

Wanafunzi wote walikuwepo. Mwalimu alisimama na mikono nyuma. Zuhura alipiga goti kama nilivyomfundisha.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Umekosa nini?"

Akanitazama. Mimi nikatazama pakiti ya chai.

"Nilisema jani jekundu lina kloroplasti."

"Je, lina?"

Mkokoteni ulipita mtaa wa pili. Koromeo la Mwalimu likapanda, likashuka, nikadhani ni hasira bado haijaisha.

"Halina," alisema Zuhura.

"Andika ubaoni mara hamsini," alisema Mwalimu. "Jani jekundu halina kloroplasti."

Akampa chaki. Zuhura hakuipokea. Alirudi ndani, akatoka na kopo lake la maziwa, akaanza kuandika kwa vipande vyake mwenyewe. Ubao ukijaa anafuta kwa kiganja anaendelea. Kipande kikiisha anachukua kingine. Hamsini zilipita, Mwalimu akasema basi. Hakusimama. Aliandika mpaka kipande cha kumi na moja kikawa unga kwenye vidole, akapiga kopo tupu mara mbili kwenye goti, akaliweka miguuni pa Mwalimu, akakaa mkekani mahali pake. Mwalimu hakumzuia, na mimi sikumzuia.

Aliendelea kuhudhuria tuisheni. Daftari lake lilikuwa safi, mitihani alijibu kila alichoambiwa. Swali hakuuliza tena, pale wala nyumbani. Ulipofika wakati wa kuchagua masomo akachagua ya biashara, na nilipomwuliza kuhusu kilimo alisema, "Bibi, nani alime kwenye lami?" Leo ana duka la vifuniko vya simu Mtaa wa Kongo. Ni kazi halali, anaifanya vizuri, ananitunza. Anapokuja kwangu anakula mboga yoyote ninayopika isipokuwa mchicha mwekundu.

Nyumba ilipovunjwa tulitawanyika. Mwalimu alichukuliwa na binti yake, Ilala. Sikumfuata wala hakunifuata. Ilipita miaka saba.

Mwaka huu, asubuhi moja, mama mmoja alisimama kwenye meza yangu sokoni akaulizia mchicha mwekundu. Nikamwuliza wa nini, maana aina ya mgonjwa ndiyo inayoniambia mafungu mangapi. Akasema ni wa baba yake, mzee, damu imepungua. Akanitazama. "Wewe si ndiye Bi Mkubwa wa ile nyumba? Mimi ni binti wa Mwalimu." Nikamwambia anielekeze nyumbani kisha aende kazini kwake, mboga nitaileta mwenyewe na kuichemsha mwenyewe. Akanishukuru mpaka akanitia aibu.

Nilimkuta amekaa kibarazani kwa binti yake, shati jeupe, limepigwa pasi. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla. Alikuwa anatazama barabara lakini alikuwa haioni.

"Hodi."

"Karibu," alisema, akainua pua. "Harufu ya gunia bichi. Bi Mkubwa."

"Hujambo Mwalimu."

"Sijambo. Nimekuwa mmea wa gizani, kama unavyoniona. Jani limepauka." Akacheka peke yake.

Nilikuja na sufuria yangu, ile yenye baka. Nikawasha jiko karibu na miguu yake, nikaosha mchicha, nikautia majini. Tuliongea habari za watu: nani kafa, nani kahama. Maji yakaanza kutokota. Nikafunua, mvuke ukampiga usoni, na bila kuulizwa akasema:

"Maji yamekuwaje?"

"Mekundu."

"Na jani?"

Niliacha mwiko ugonge ukingo wa sufuria.

"Kijani," alisema yeye mwenyewe. "Najua. Nilichemsha."

"Lini?"

"Siku ile ile. Jioni, mlipokwenda kuchota maji. Niliokota majani mawili kwenye ungo wako, nikachemsha kwenye kikombe juu ya pasi ya mkaa. Mtoto alikuwa sahihi. Kloroplasti zimo tele, wekundu umezifunika tu. Nikaenda na kusoma kitabuni, nikakuta imeandikwa. Nilikuwa nacho kitabu chenyewe, Bi Mkubwa. Kwenye rafu."

"Kabla hatujaja kuomba radhi?"

"Siku tatu kabla."

"Ukamwacha akapiga goti."

"Nilikuwa naandaa namna ya kusema. Halafu mkaja. Mmevaa viatu, mna chai, watoto wote wanatazama. Mwalimu akisema nimekosea mbele ya darasa zima, kesho atasimama wapi?"

"Pale pale," nilimwambia. "Ungesimama pale pale."

Nikachukua simu yangu nikampigia Zuhura, nikaweka sauti kubwa.

"Bibi shikamoo. Kuna nini, mbona saa hizi?"

"Marahaba. Mwalimu anataka kukwambia neno."

"Mwalimu yupi?"

"Wa barazani."

Kule dukani nilisikia watu, spika za jirani, mtu anauliza kifuniko cha simu yake. Nikamwekea Mwalimu simu kiganjani.

"Hujambo, mwanangu," alisema.

"Sijambo. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Marahaba sana." Koromeo likapanda. "Biashara inaendaje?"

"Inaenda."

"Vizuri. Vizuri sana. Ulikuwa... ulikuwa mtoto msikivu." Likashuka. "Basi, Mungu akubariki." Akanirudishia simu.

"Bibi," alisema Zuhura, "alikuwa anataka nini?"

Nilimtazama yule mzee. Uso ameugeuzia sufuria, kana kwamba anaona kilichomo.

"Alikuwa anataka kukwambia kwamba jani lilikuwa kijani," nilisema. "Alijua kabla hujapiga goti. Na mimi nilijua, nikakuvalisha viatu. Nisamehe, mama."

Yule mteja akauliza tena kifuniko chake.

"Bibi," alisema Zuhura, "siku ile nilijua kwamba wewe unajua. Na nilipoandika ubaoni nilimtazama, nikajua na yeye anajua. Ndiyo maana niliandika mpaka chaki zikaisha. Ngoja nihudumie mtu hapa." Akakata.

Nikaipua sufuria. Nikammiminia Mwalimu maji yake mekundu kikombeni, nikamshikisha kwa mikono miwili, na akanywa yote.